Utingo wa Shemeji: Baltimore hadi Des Moines

Jumapili, 2 Novemba 2025. Baltimore – Breezewood

Usiku wa kuamkia leo Wamarekani wamerudisha saa zao nyuma, kama kawaida yao kila Jumapili ya kwanza ya Novemba. Shemeji kafurahi, kapata saa nzima ya usingizi bila jasho. Mimi nimebaki kuhesabu upya: sasa tumeachana na nyumbani kwa saa nane. Hesabu yenyewe haina faida yoyote, maana tangu Jumatano ya uchaguzi mtandao Tanzania umezimwa, na ujumbe niliomtumia mama umeganda na tiki moja ya kijivu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, mtu wa Kisauni, Mombasa. Lori ni lake mwenyewe, kichwa cha bluu chenye kitanda nyuma ya viti. Safari hii kabeba sukari: nyingine inashuka Youngstown, Ohio, nyingine nje kidogo ya Chicago, iliyobaki ni ya Des Moines, Iowa. Mimi niko likizo, nikaomba kuwa utingo wake. Kazi za utingo wa Marekani ni nyepesi: kumenya machungwa, kusema naye asisinzie, na kutafuta stesheni za redio. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nifungue daftari.

Pale barabara ya I-70 inapoanzia, ukingoni mwa Baltimore, kuna kibao kinachotaja umbali wa kwenda Columbus, St. Louis, Denver, na mwisho Cove Fort, maili 2,200. Cove Fort ni kijisehemu cha Utah ambako barabara hii inaishia. Kibao hicho kingefaa kuwa nembo ya vyombo vya habari vya nchi hii: kinakueleza habari za maili 2,200 mbele, na kuhusu mtaa uliosimama hakina neno.

Na Baltimore ni mahali pazuri pa kuanzia manung'uniko ya aina hii. Nje kidogo ya mji, Hunt Valley, ndipo yalipo makao makuu ya Sinclair, kampuni yenye vituo vya televisheni kwa makumi katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 2018 watangazaji wake, kila mmoja akiwa mjini kwake, walisomeshwa tamko moja, neno kwa neno, la kuonya watu kuhusu habari za uongo. Mtu akaziunganisha zile video, wote wakasikika wakisema kwa pamoja. Mtazamaji wa mji mdogo alikuwa akidhani anasikilizana na jirani yake. Januari 2024 mwenyekiti wa kampuni hiyo, David Smith, akalinunua na gazeti la zamani la mji, Baltimore Sun. Haki isemwe, pamezaliwa na Baltimore Banner, gazeti la mtandaoni lisilo la faida lililoanza 2022, na mwaka huu limepata tuzo ya uandishi ya Pulitzer kwa kuchunguza, pamoja na New York Times, vifo vya dawa za kulevya mjini humo. Lakini miji mingapi ya Marekani ina bahati ya kupata mbadala wa namna hiyo?

Redioni tangu mji wa Frederick ni mwanamume mmoja tu anafoka. Nikamwuliza Shemeji kwa nini anamsikiliza mtu anayewatukana wageni kuanzia asubuhi hadi jioni. "Huyu ni kahawa," akanijibu. "Ukimsikiliza Mmarekani mwenye adabu utalala hapa hapa."

Kuna historia fupi ya kufoka huku. Tangu 1949 serikali iliwataka wenye vituo vya redio na televisheni wajadili mambo yenye ubishi na wasikike wa pande mbalimbali. Sharti hilo lilifutwa 1987. Mwaka uliofuata mtangazaji mfokaji Rush Limbaugh akaanza kurushwa nchi nzima, na wafanyabiashara wa redio wakagundua kwamba hasira haina gharama: mtu mmoja, maikrofoni moja, na wapiga simu wasiolipwa. Mwandishi wa kwenda kukaa kwenye kikao cha halmashauri anataka mshahara na nauli.

Tumelala Breezewood, Pennsylvania. Ni kituko cha barabara: I-70 inakatika ghafla, inageuka kuwa mtaa wenye taa za kuongozea magari, vituo vya mafuta na mabango ya vyakula, kisha inaendelea kama hakijatokea kitu.

Jumatatu, 3 Novemba. Barabara ya kulipia ya Pennsylvania

Serikali kuu imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba. Warepublican wana viti 53 vya Seneti na wanahitaji kura 60 kupitisha bajeti. Wademokrat wanasema hawatoi kura mpaka ruzuku za bima ya afya, zinazokwisha Desemba, ziongezwe muda. Habari yenyewe ndiyo hiyo, imekwisha. Ila kwenye skrini ya kituo cha malori tulikokunywa chai watu sita wamekaa kwenye vijisanduku wakibishana nani *anaonekana* ameshindwa, na kwa nusu saa niliyokaa hakuna aliyetaja bei ya bima ya mtu yeyote.

Wakati huo, ng'ambo ya barabara, mstari wa magari ulikuwa umeingia uwanja wa kanisa. Nilidhani ni mazishi. Ni chakula. Tangu juzi Jumamosi msaada wa SNAP, ambao Wamarekani wapatao milioni 42 huutumia kununulia chakula, umesimama, jambo ambalo halijapata kutokea. Hakuna aliyeshuka garini. Kila gari lilifika, buti likafunguka, kijana akaweka sanduku, buti likafungwa, linalofuata likasogea. Magari mengine ni mazuri kuliko yoyote niliyowahi kumiliki. Kwetu mtu akipungukiwa anajulikana mtaa mzima. Hapa hata njaa inapangwa foleni ndani ya kioo kilichopandishwa.

Nilichokuja kujua kwa kusoma mwenyewe jioni ni kwamba jimbo la Pennsylvania nalo halina bajeti. Ilitakiwa ianze Julai! Wabunge wa Harrisburg, makao makuu ya jimbo, wamechelewa miezi minne, na shule na kaunti zimekuwa zikikopa au kubana matumizi. Mhudumu aliyetuletea chai, mama wa makamo aliyenijua kwa lafudhi kwamba si wa huko, alinieleza kwa kirefu ubaya wa Chuck Schumer wa New York, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti. Nilipomtajia Harrisburg akasema, "Wale? Wale sijui wanafanya nini." Simlaumu. Angejua kupitia nani?

Mchana, tukiwa karibu na Pittsburgh, simu yangu ikaanza kutetemeka mfululizo. Mtandao wa nyumbani umeanza kurudi. Jumbe za siku zote zile zikaingia kwa mkupuo, nyingine nzuri, nyingine za kukufanya uweke simu chini. Mama mzima. Shemeji akazima redio yake mwenyewe, bila kuombwa, hadi mpakani mwa Ohio. Kwenye skrini zote nilizozitazama wiki hiyo Tanzania sikuiona hata sekunde moja.

Jumanne, 4 Novemba. Youngstown, Ohio

Siku ya kura. Uchaguzi wa mwaka usio na rais wala wabunge wa Washington, yaani uchaguzi wa mambo ya karibu: mameya, bodi za shule, na hapa Ohio ile tabia yao ya kuwauliza wananchi moja kwa moja kama wakubali kodi ya majengo kwa ajili ya shule, zimamoto au maktaba. Vibao vimechomekwa kwenye nyasi kila kona, vya NDIYO na vya HAPANA.

Youngstown ulikuwa mji wa chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, watu wapatao 5,000 wakakosa kazi, na wazee wa hapa bado wanaiita Jumatatu Nyeusi. Kaunti hii, Mahoning, iliwapa kura Wademokrat kila uchaguzi wa rais baada ya 1972, mpaka 2020 ilipogeuka ikampa Trump. Waandishi wakubwa wamekuwa wakija kuhoji watu kwenye migahawa ya hapa kila baada ya miaka minne, wakipiga picha magofu, halafu hao.

Waliokuwa wakikaa ni waandishi wa The Vindicator, gazeti lililoanzishwa 1869. Enzi hizo Youngstown ulikuwa mji wa majambazi wa kimafia na mahakimu wa kununulika. Mbunge wao James Traficant alitiwa hatiani kwa rushwa 2002 na Baraza la Wawakilishi likamfukuza. Mwisho wa Agosti 2019 gazeti likafungwa, miezi michache baada ya kutimiza miaka 150. Jirani yake wa mji wa Warren alilinunua jina na bado anachapa toleo lenye jina hilo, ila chumba cha habari cha zamani hakipo tena. Nchi nzima yamekufa magazeti zaidi ya 3,000 tangu 2005, mengi ya kila wiki, ya vijiji ambavyo huvisikii mpaka kimbunga kipite.

Tulipofika ghalani, aliyetushushia mzigo alikuwa mzungu wa miaka sitini hivi, mwenye foklifti na kofia ya timu ya Cleveland. Anainua paleti za sukari huku anaongea bila kugeuza kichwa. Aliongea New York tupu. Kijana yule Mamdani, mgombea umeya wa huko, atagandisha kodi za nyumba, atafungua maduka ya serikali, matajiri watahama. Alijua hata majina ya mitaa. Shemeji, ambaye kwake kijana aliyezaliwa Kampala ni mtu wa jirani, akamwuliza kwa upole kama ameshapiga kura. Akasema ataenda akitoka kazini. Anapigia nini? Akazima foklifti, akafikiri. Kuna kodi ya zimamoto ya eneo lake, anadhani. Ya kiasi gani? "Nitaiona kwenye karatasi."

Nyumba ya huyu mzee ikiungua, atakayekuja au asiyekuja ataamuliwa na hiyo karatasi. New York iko maili 400 na hana hata binamu huko.

Usiku matokeo yakatoka: Zohran Mamdani, miaka 34, mzaliwa wa Kampala, meya mteule wa New York, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kushika kiti hicho. Wanawake wa Kidemokrat wametwaa ugavana Virginia na New Jersey. Simu ya Shemeji ikajaa sauti za Mombasa, Kampala na Dar, kila mmoja akidai ukoo. Nami nilifurahi, sifichi. Ya zimamoto ya yule mzee sikuipata kwenye chaneli yoyote.

Jumatano, 5 Novemba. Ohio – Indiana

Kufungwa kwa serikali kumefika siku ya 36, rekodi mpya. Ya zamani ilikuwa 35, ya 2018 hadi 2019. Asubuhi hotelini pa madereva palikuwa na skrini mbili ubavu kwa ubavu. Moja ilisema nchi imemkataa Trump, nyingine ilisema Wademokrat wametekwa na wakomunisti. Mtu aliyeketi katikati yazo alikuwa anakula mayai akitazama video ya uvuvi kwenye simu. Nadhani ndiye aliyekuwa na akili kutuzidi.

Mahakama ya Juu leo imesikiliza kesi ya ushuru wa Trump: kama rais anaweza kutumia sheria ya dharura ya 1977 kuweka ushuru kwa karibu dunia nzima bila Bunge. Hii ni habari yenye miguu, inatembea hadi jikoni. Kahawa ya Brazil inatozwa 50% tangu Agosti, ya kwetu Tanzania na Kenya 10%, na nchi hii hailimi kahawa ya maana zaidi ya ile ya Hawaii. Kikombe cha kituo cha malori kimepanda, na muuzaji kabandika karatasi ya kuomba radhi ambayo haimtaji mtu.

Mizani moja ya Indiana walitusimamisha. Tangu 25 Juni dereva asiyejua Kiingereza cha kutosha anaondolewa barabarani palepale, na tangu ajali ya Agosti huko Florida iliyoua watu watatu, ambayo dereva wake alikuwa mhamiaji, televisheni zimelifanya jambo hili wimbo wa taifa. Afisa, kijana mwenye masharubu mapya, akamwuliza Shemeji anatoka wapi, anakwenda wapi, kabeba nini. Kisha akamwonyesha picha za alama za barabarani, moja moja. Shemeji alisoma kwa wamishonari, Kiingereza chake ni cha vitabu. Akaeleza alama ya njia kuungana kwa sentensi ndefu yenye *whereupon* ndani yake. Kijana akaangalia karatasi yake, akaangalia sisi, akasema tuendelee.

Pembeni palikuwa na lori jingine, dereva wake kakaa kwenye ngazi ya mlango, simu sikioni, anasubiri kampuni ilete mtu wa kuliendesha.

Dereva ajue kusoma alama, hilo sina ubishi nalo. Ila barabara zina ajali kila siku, na zinazopata wiki nzima ya televisheni ni zile ambazo jina la dereva halitamkiki.

Alhamisi, 6 Novemba. Chicago

Hapa nafuta kidogo niliyoyasema juu ya vyombo vya habari, maana Chicago bado ina waandishi wa kwenda kwa miguu.

Tangu Septemba maafisa wa uhamiaji wamejaa mjini kwa operesheni waliyoiita Midway Blitz. Jana waliingia kwenye chekechea moja ya upande wa kaskazini wakamtoa mwalimu mbele ya wazazi walioleta watoto. Leo jaji wa shirikisho, Sara Ellis, ametoa amri ya kuwabana maafisa hao wasitumie mabomu ya machozi na nguvu hovyo dhidi ya waandamanaji na waandishi. Kwa mtu aliyekaa Washington haya ni hoja za kipindi. Kwa mtu wa hapa ni swali la barabara gani upite ukimpeleka mtoto shule, na wanaolijibu ni vyombo vidogo kama Block Club Chicago, vinavyoandika mtaa kwa mtaa. Hata Sun-Times limesalimika kwa kuungana mwaka 2022 na redio ya umma ya WBEZ. Redio na televisheni za umma zenyewe, Julai mwaka huu Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa ajili yake. Zitakazoumia kwanza ni za vijijini, ambako hapana tajiri wa kuchangia.

Ghala tulilokwenda, kusini magharibi mwa mji, lilikuwa na watu pungufu ya nusu. Vijana wa Kimeksiko waliokuwepo walivaa filimbi shingoni, za plastiki, za rangi ya chungwa. Gari la maafisa likionekana mtaani, anayeliona anapuliza, wa mtaa wa pili anapokea. Tulikaa saa mbili tukasikia filimbi mara moja, kwa mbali, na foklifti zote zikasimama. Msimamizi akatazama simu. Akasema mtaa na jina la duka, kazi ikaendelea.

Shemeji ni raia tangu zamani. Hata hivyo pasipoti yake alikuwa kaitoa kwenye begi, iko juu ya dashibodi.

Ijumaa, 7 Novemba. Walcott, Iowa

Leo serikali imeanza kupunguza ndege kwenye viwanja 40 vikubwa, waongoza ndege wamechoka kufanya kazi bila mshahara. Shemeji amecheka njia nzima. Tumesimama Iowa 80, wanaojiita kituo kikubwa kuliko vyote duniani cha malori, kilichofunguliwa 1964. Pana kinyozi, daktari wa meno, sinema na makumbusho ya malori. Nimenyoa. Kinyozi aliniuliza natoka nchi gani, kisha tukaongea soya, ambayo China iliacha kuinunua miezi kadhaa na sasa imeahidi tani milioni 12 kabla ya mwaka kwisha. Mashamba yote ya kandokando yameshavunwa.

Jumamosi, 8 Novemba. Des Moines

Sukari imekwisha saa nne asubuhi. Shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja wa Fizi, Kongo, ambaye mwanawe ni dereva mwenzake. "Mumefika muzuri?" Tukakalishwa, ugali na sombe, yaani kisamvu, vikaja kabla hatujavua makoti.

Iowa ina gazeti lenye jina, Des Moines Register, la tangu 1849. Desemba mwaka jana Trump alilishtaki pamoja na mtafiti wake wa maoni, Ann Selzer, kwa sababu utafiti wa mwisho ulimpa Kamala Harris uongozi wa pointi 3 na Trump akashinda jimbo kwa 13. Kukosea hesabu kumekuwa kosa la kushtakiwa. Watu wa televisheni ya ABC walikuwa wameshalipa dola milioni 15 kumaliza kesi yake nyingine, na Julai mwenye CBS akalipa 16. Gazeti la jimbo halina hela za namna hiyo, na nadhani ndiyo maana ya kulishtaki.

Mzee hakuvutiwa na hayo. Yeye alikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka mingi, na Marekani aliijua kwa Sauti ya Amerika ya Kiswahili. Jioni redio moja, watu kumi. Alinieleza vizuri kuliko yule mama wa chai wa Pennsylvania jinsi Seneti inavyofanya kazi. Hadi 2013 sheria ilikataza matangazo hayo kusambazwa ndani ya Marekani yenyewe: waliwatengenezea wengine habari zilizotulia, wao wakabakiwa na wafokaji. Machi mwaka huu Trump aliamuru shirika mama la redio hiyo lipunguzwe mpaka kiwango cha chini kabisa cha sheria, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza. Sasa mzee yuko Marekani kwenyewe na habari za Marekani anazipata kwa sauti za kusambazwa WhatsApp.

Moja ya sauti hizo inasema serikali itakata 5% ya pesa ikitumwa nyumbani. Nikamweleza: 5% ilikuwa pendekezo la kwanza. Iliyopita kwenye sheria ya Julai ni 1%, inaanza 1 Januari, na ni kwa anayepeleka noti mkononi au hundi za kununua dirishani. Ukituma kwa akaunti ya benki ya hapa au kadi iliyotolewa hapa, hukatwi. Mzee akamwita mkewe asikie. Mkewe akawaita majirani.

Ndipo akaja mpwa wake, mama wa watoto watatu aliyefika Januari, siku chache kabla mlango wa wakimbizi haujafungwa. Ana barua ya SNAP, kurasa nne za Kiingereza. Kwa wiki nzima televisheni imemwambia msaada umesimama kwa sababu serikali imefungwa, kwa hiyo anasubiri ifunguliwe. Nikasoma. Ukurasa wa pili unasema jambo jingine kabisa: sheria ile ile ya Julai imewaondoa wakimbizi kwenye SNAP, na yeye ameondolewa kwa hali yake ya uhamiaji. Serikali ikifunguliwa kesho, wa kwake haurudi.

Nikamsomea mara mbili, Shemeji akitafsiri kwa Kiswahili kilicho karibu na chao. Akauliza kama kuna la kufanya. Kukata rufaa inawezekana, ndani ya siku 90, na fomu iko ukurasa wa nne. Tukasogeza sahani tukaanza kuijaza.